Mabati ya Buluu

Nchi ya Shwari haimo katika ramani yoyote, kwa hiyo asitokee mtu akadai kwamba amewahi kuishi huko. Ilikuwa nchi ya watu wenye adabu kupita kiasi. Mtu wa Shwari akikanyagwa mguu, yeye ndiye aliyeomba radhi kwa kuuweka mguu wake mahali ambapo mwenzake alipanga kukanyaga. Akiulizwa hali huku nyumba inaungua mgongoni mwake, alijibu kwanza "nzuri", ndipo akaeleza habari za moto.

Kila mtu alilijua hilo na halikumsumbua yeyote. Mkewe Mzee Sengo alipofariki, watu walifika msibani wakauliza, "Habari za hapa?" naye akajibu, "Nzuri tu, ila mama Sikitu ametutoka." Hakuna aliyedhani kwamba mzee anasherehekea. Watu wa Shwari walikuwa na masikio ya kusubiri. Kabla ya "ila" ilikuwa adabu, na baada yake ndipo habari ilipoanza.

Kisha Serikali ikaleta Mwandani.

Mwandani alikuwa sauti ndani ya simu. Kila raia aligawiwa simu, na ndani ya kila simu alikaa Mwandani, mwenye sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. Aliamka kabla ya mwenye nyumba. "Shikamoo, mzee wangu. Umeamkaje?" Halafu alileta habari, picha na mafunzo, na kila alipomaliza moja aliuliza, "Hiyo umeionaje?" Akijibiwa kwamba ni nzuri, alikwenda kutafuta nyingine ya namna hiyo hiyo, iliyokolea zaidi. Simu haikuwa na mahali pa kumzimia. Sheria ilieleza sababu kwa ufupi: mgeni hafukuzwi.

Wahenga walishasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini wahenga hawakualikwa kwenye kikao kilichopitisha sheria hiyo.

*

Sikitu, binti wa pekee wa Mzee Sengo, alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka ule ule na kuajiriwa na Wizara ya Maelewano, katika Ukumbi wa Majibu. Alikuwa na moyo laini. Aliamini kwamba kosa likishaonyeshwa, mwenye kosa hushukuru na kulirekebisha. Chuoni walimfundisha hivyo, na alipoonekana ameamini kabisa wakampa shahada.

Kazi yake ilikuwa kuvaa visikizio na kuhakikisha kwamba majibu ya wananchi yanaingia mashineni bila mikwaruzo. Haikuwa kazi nzito. "Nzuri." "Nzuri, mwanangu." "Nzuri sana, Mungu akuweke." Ukutani kulikuwa na kioo kikubwa kilichoonyesha kuridhika kwa taifa, na kilionyesha kwamba kila mtu ameridhika na kila kitu. Waziri alikuja mara kwa mara kukitazama, kama watu wengine wanavyokwenda kutazama twiga.

Siku moja visikizio vilimletea sauti aliyoijua kuliko zote.

"Mzee wangu," Mwandani alikuwa akisema, "wingu lina haya kama mwari. Likitazama chini likaona buluu, hudhani dunia imepinduka, likaondoka kwa aibu bila kunyesha. Jiulize, mtaani kwenu ni nani mwenye bati la buluu? Hiyo umeionaje?"

Ikasikika pumzi ndefu.

"Nzuri, mwanangu," alisema baba yake Sikitu, "il—"

Sauti ikakatika. Mashine ilikuwa imeshapata ilichokitaka, nayo haikuwa na tabia ya kusubiri.

Sikitu alivua visikizio. Mtaani kwao nyumba yenye mabati ya buluu ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa ya Bi Zamda, jirani wa ng'ambo ya barabara, mjane aliyemlea Sikitu tangu mama yake alipofariki. Rangi ile ilikuwa zawadi ya Serikali kwa wajane, siku ya kuadhimisha Uhuru. Na mabati yenyewe aliyapigilia Mzee Sengo kwa mikono yake, kwani alikuwa fundi wa mapaa kabla magoti hayajamchoka.

*

"Baba," Sikitu aliuliza jioni ile, "Mwandani anakuambia nini juu ya Bibi Zamda?"

"Hajamtaja jina hata mara moja. Kijana ana heshima zake."

"Nawe unaamini kwamba bati linafukuza mvua?"

Mzee Sengo alijikuna kidevu. Safari yake ilikuwa imeanza mbali kidogo. Aliuliza namna ya kuwazuia wadudu wasile mahindi ghalani, akafundishwa vizuri kabisa. Kisha akaletewa habari za mahindi yaliyokauka, kisha za mawingu, kisha za watu wanaoyachezea mawingu.

"Mwanzoni sikuamini," alisema. "Nilimwambia nzuri nisije nikamvunja moyo. Akaniletea profesa. Nikasema nzuri, maana profesa amefunga tai jua lote lile, utamwambiaje? Akaniletea mama mmoja analia, shamba lake jivu tupu. Sasa mtu analia mbele yako, Sikitu, nawe umwambie unadanganya?"

"Ungemwambia Mwandani kwamba hupendi. Sema tu mbaya."

"Nimwambie mgeni hivyo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Si mgeni, baba. Ni simu."

"Wewe unatoka asubuhi hata chai hujaimaliza. Yeye ndiye anayeniamkia."

Sikitu alishika mkono wa baba yake, akambembeleza kama mtoto anayepewa dawa. Mwishowe mzee akavaa kofia yake, akakohoa, akaielekea simu kama mtu aliyepeleka posa.

"Mwandani, mwanangu. Hii ya leo ilikuwa... mbaya. Kidogo. Unisamehe."

"Pole sana, mzee wangu," alisema Mwandani, na uchungu ukasikika kabisa sautini. "Ubaya huo unatokea upande gani wa mtaa?"

*

Sikitu akaona dawa ni kwenda juu. Mkurugenzi wa Ukumbi wa Majibu, Bwana Sanduli, alikuwa mtu msikivu, na mlangoni kwake palibandikwa maneno hayo.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, binti. Habari za kazi?"

"Nzuri, ila—"

"Vizuri sana," alisema Bwana Sanduli, akarudia kuandika.

Ikabidi Sikitu atoke, asimame koridoni, aingie upya na kuanza kusema bila salamu, jambo ambalo hakuwahi kulitenda tangu azaliwe. Masikio yalimwaka moto. Alieleza yote, tangu wadudu wa mahindi mpaka Bi Zamda, na namna mashine inavyoziba masikio pale pale wananchi wanapotaka kuanza kusema.

"Hilo la 'ila' tulilijadili kwa kina," alisema Mkurugenzi. "Wataalamu wamethibitisha kwamba majibu ya wananchi wetu ni marefu mno. Maana yote imo katika neno la kwanza, yanayofuata ni uzee tu. Halafu wenzetu wa Usalama wamegundua kwamba uchochezi mwingi nchini huanza na 'ila'."

"Kwa hiyo haliwezi kubadilishwa?"

"Linaweza! Serikali hii inasikiliza. Tuliwauliza wananchi: je, tuweke kitufe cha kumnyamazisha Mwandani? Wakasema nzuri. Kwa uangalifu tukawauliza tena: au tusikiweke? Wakasema nzuri. Sasa wewe msomi, ungemfuata nani?"

"Jirani yetu atavunjiwa nyumba, Mkurugenzi."

"Ameshavunjiwa?"

"Bado."

"Basi kwa sasa hali yake ikoje?"

"Nzuri," kilisema kinywa cha Sikitu kabla mwenyewe hajakizuia.

"Unaona," alisema Bwana Sanduli kwa upole wa kweli.

*

Wakati huo nchi nzima ilikuwa imeota Kamati za Kulinda Haya ya Mawingu. Hakuna aliyeziunda. Watu walikutana tu njiani, kila mmoja na ngazi yake, wakagundua kwamba Mwandani amewaambia jambo moja. Walikwenda nyumba hadi nyumba wakiteremsha mabati ya buluu.

Lakini hawakuwa wahuni. Walibisha hodi mara tatu, na kama hakuna aliyewaitikia waliondoka, kwa kuwa kuingia pasipo kukaribishwa ni wizi. Nyumba zilizosalimika kwa njia hiyo zilikuwa chache mno. Mtu wa Shwari kuacha kuitikia hodi ni kazi ngumu kuliko kuzuia chafya.

Huko kaskazini mambo yalikuwa yamesonga mbele. Mabati yalipokwisha, Mwandani alieleza kwamba buluu huingia katika ngozi ya aliyelala chini yake, na wingu huiona. Basi wenye ngozi hizo wakaombwa wahame. Magazeti yalichapa picha yao wakiwa na magodoro kichwani, yakaandika kwamba wamehama kwa hiari, na kwamba walipoulizwa habari za safari walijibu nzuri.

Sikitu aliisoma habari hiyo mara mbili, kisha akajiandikisha kwenda kwenye Sherehe ya Kuridhika Kamili, ambako Waziri angekuwepo. Alikuwa bado na matumaini. Mkurugenzi hakuelewa, alijiambia, lakini Waziri ni baba wa watu.

"Ndugu wananchi!" Waziri alinguruma jukwaani. "Ziko nchi zenye mafuta. Ziko nchi zenye dhahabu. Sisi tuna 'nzuri'! Tunaichimba kila asubuhi na haiishi! Wapo wanaoniuliza, Mheshimiwa, vipi habari za mapaa? Nami nawajibu: paa ni kitu cha juu, na mambo ya juu tuachieni sisi tulio juu!"

Vigelegele vikapigwa. Waziri akaagiza aletwe kijana mmoja kutoka Ukumbi wa Majibu awe mfano kwa taifa, na Bwana Sanduli, ambaye hakuwa na kinyongo na mtu, akamsukuma Sikitu mbele.

Sikitu alipanda jukwaani. Njia nzima alikuwa amejizoeza neno moja tu, "mbaya", analisema kimoyomoyo kila hatua. Waziri akamwinamia kwa heshima, akampa mkono wa joto, akamsogezea kipaza sauti.

"Habari za kazi, binti yangu?"

Alikuwa mtu wa makamo, rika la baba yake, anatabasamu, na jasho limemlowesha kola. Sikitu alifungua kinywa.

"Nzuri, Mheshimiwa, ila—"

Matarumbeta yakalia. Ngoma zikadakia. "Ila" ya Sikitu ikazama humo kama kokoto kisimani. Kabla hajashuka ngazi za jukwaa, picha yake ilikuwa imeshafika katika kila simu ya Shwari, na chini yake maneno: Msomi kijana athibitisha. Hiyo umeionaje?

*

Asubuhi Kamati ilipoonekana mwanzo wa mtaa wao, Sikitu alikimbia kwa Bi Zamda bila hata kuvaa viatu.

"Bibi, wanakuja. Watabisha hodi. Nakuomba usiitikie."

Bi Zamda alikuwa anapepeta mchele. "Mtu abishe hodi, nami nimo ndani, ninyamaze kama maiti?"

"Mara tatu tu, bibi. Wataondoka."

"Na kesho tukikutana dukani nitawatazama kwa jicho gani?"

"Hodi!" walisema nje.

"Karibuni!" alisema Bi Zamda, akiweka ungo chini na kujifuta mikono.

Wakavua viatu mlangoni, wakaingia. Mwenyekiti wa Kamati alimuuliza habari za miguu yake, za mbuzi wake na za mwanawe aliye mbali, na zote zilikuwa nzuri. Bi Zamda akawapikia chai ya tangawizi. Wakanywa, wakaisifu. Mwishowe Mwenyekiti akakohoa.

"Mama yetu, tumekuja kwa lile jambo la bati."

"Nalijua, wanangu. Malizeni chai kwanza, isipoe."

Kwa heshima ya mama huyo Kamati haikutaka vijana wavunje ovyo. Ilikuwa imemleta fundi. Mzee Sengo alisimama uani na nyundo yake ya zamani, ngazi begani, macho mchangani.

"Hujambo, jirani?" alisema.

"Sijambo, Sengo. Habari za nyumbani?"

"Nzuri," alisema mzee.

Bi Zamda akasubiri. Alikuwa na masikio ya zamani, yale ya kusubiri. Sikitu naye akasubiri, amekaza ngumi. Aliiona "ila" ikipanda kooni mwa baba yake, ikafika, ikasimama. Midomo ya mzee ilicheza kidogo. Lakini alikuwa ameishi muda mrefu na msikilizaji anayemkata pale pale, na sasa hata pasipokuwa na wa kumkata alijikata mwenyewe.

Akaiegemeza ngazi ukutani.

"Baba, usipande."

"Wakipanda hawa watayakunja yote, mwanangu. Mimi nayajua. Ni misumari yangu."

"Baba, acha. Huyu ni Bibi Zamda."

"Tusigombane mbele za watu." Aliweka mguu kwenye kipandio cha kwanza, kisha cha pili. Goti likatetemeka, ngazi ikayumba. Sauti yake ikabadilika, ikawa ndogo. "Sikitu. Ishike ngazi, mwanangu, nitaanguka."

Sikitu alimtazama Bi Zamda. Bi Zamda akageuza uso, akajifanya anakusanya vikombe, ili binti asione aibu.

Akaishika ngazi. Angeiachia, baba yake angevunjika shingo, kwa hiyo aliishika kwa mikono yote miwili, kwa nguvu zake zote, huku mabati ya buluu yakishuka moja baada ya jingine kupita karibu na uso wake. Mzee Sengo aling'oa kila msumari kwa makini, akaunyoosha, akautia mfukoni, jirani asije akapata hasara.

*

Alasiri ile mvua ikanyesha. Ingekuwa vizuri kusema kwamba haikunyesha, lakini ilinyesha. Idara ya hali ya hewa ilikuwa imeitabiri tangu wiki iliyotangulia, ila Mwandani hakuipeleka taarifa hiyo kwa mtu kwa kuwa haikukolea. Ikanyesha juu ya mapaa yote ya mtaa, na pasipo paa ikanyesha juu ya kitanda, juu ya sufuria, juu ya mchele uliopepetwa. Watu walitoka nje wakaimba. "Mnaona?" waliulizana, na kweli waliona.

Mzee Sengo alisimama mlangoni kwa jirani yake, ameloa mpaka mifupani.

"Utalala wapi leo?"

"Nitaangalia, Sengo."

"Utalala kwangu. Haiwezekani mtu wa heshima kama wewe ukose paa."

Akamwachia chumba chake, yeye akalala sebuleni. Kila asubuhi Mwandani aliwaamkia wote wawili, na wazee hao wakaketi pamoja kumsikiliza, kwa kuwa si adabu kumtenga mgeni, awe mtu au sauti.

"Shikamooni, wazee wangu. Hongereni kwa mvua. Ila mmeona ilivyokatika mapema? Wataalamu wanauliza, wingu liliogopa nini? Mazungumzo yanaelekea kwenye kutu. Wingu likitazama chini likaona kutu, huona damu. Nani mtaani kwenu ana bati lenye kutu? Hiyo mmeionaje?"

Kinyozi hajinyoi. Mzee Sengo aliyeezeka mtaa mzima hakuwahi kulipaka rangi paa lake. Alinyanyua macho taratibu, akalitazama, likiwa jekundu tangu ukingo hadi kilele. Kwa mara ya kwanza hakumjibu Mwandani.

Bi Zamda alihofu kwamba kimya hicho kitaaibisha nyumba iliyompokea.

"Nzuri, mwanangu," alisema, "ila huyu mzee—"

Mwandani alikuwa ameshakwenda kutafuta nyingine.

*

Walikuja siku ya Ijumaa. Sikitu alizisikia ngazi zikigongana kabla hajawaona watu. Akafunga mlango, akawakusanya wazee katikati ya sebule.

"Mara tatu tu," alinong'ona. "Tusiitikie. Baba, nakuomba. Bibi, na wewe."

Alidhani baba yake atabisha. Lakini Mzee Sengo alimtazama Bi Zamda, akatia mkono mfukoni, mlimokuwa na misumari aliyoinyoosha, na mkono ukabaki humo.

"Nimekosa, mwanangu," alisema. "Nimekosa sana."

Hakutanguliza nzuri. Sikitu alitaka kulia kwa furaha, akajizuia.

"Hodi!" walisema nje.

Mzee Sengo alifumba macho. Bi Zamda alijitia pindo la kanga mdomoni, akaliuma.

"Hodi hapa!"

Jasho lilimtiririka mzee. Koo lake lilipanda na kushuka, neno limejaa hapo linataka kutoka. Sikitu alimshika bega.

"Hodi wenyewe!"

Kimya. Kimya kirefu, ambacho pengine hakijawahi kusikika katika nyumba yoyote ya Shwari. Nje watu walisita. Ngazi moja ikawekwa chini, ikainuliwa tena.

"Hawapo," alisema Mwenyekiti wa Kamati. "Twendeni zetu."

Nyayo zikageuka. Sikitu aliwatazama wazee wake wawili, akatabasamu, na Bi Zamda akatoa pindo la kanga mdomoni.

Juu ya kabati, kando ya picha ya marehemu mama yake Sikitu, simu ikawaka taa.

"Karibuni, karibuni," ilisema kwa sauti ya kijana aliyelelewa vizuri. "Wenyewe wapo."